Betri Iliyokufa kwa Mpira

Baba Majaliwa,

Maharage yako kwenye sufuria, yapashe mwenyewe. Kuku wape maji.

Ile Fuso imekaa miezi inasubiri kazi moja tu: kupeleka kwa wakwe, kijijini Titye, ng'ombe wa mahari ya mwanao. Wewe jana ukaitoa betri uwashie televisheni, wanaume wa mtaa mzima waangalie mpira. Na timu yenu ikafungwa! Asubuhi wazee wamelisukuma gari wakiwa na suti zao, halikukohoa hata kidogo. Ukabeba betri ukakimbilia kwa fundi, hata kuaga hukuaga. Basi ng'ombe tunawaswaga kwa miguu.

~~Ukirudi utufuate na gari.~~ Usitufuate.

Wakwe wakiuliza baba yuko wapi, nitasema yuko mjini anachajiwa pamoja na betri.

Mama wa bwana harusi