Kitufe Nyuma ya Kiti

Jumapili, 3 Machi

Mwanangu Fundi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujaifungua bahasha. Mimi mzima, ila magoti yana maneno mengi, hasa asubuhi. Wewe je, kikohozi kimekuacha?

Mzigo wako umefika. Vijana wa karakana yenu wameshinda hapa wakitoboa kuta, na walipomaliza walinitolea vyombo vyangu vyote, kitanda, makochi, hata stuli ya marehemu mama yako, wakapakia kwenye gari. Wanasema ndivyo ulivyoagiza, chumba kipate nafasi. Nafasi ipo kweli, naweza kuchezesha mpira humu.

Kilichobaki ni kiti kimoja kipana. Nikibonyeza kitufe kwenye mkono wa kiti, kinalala kikawa kitanda. Nikibonyeza tena, kinakaa na kutoa meza ubavuni. Nikibonyeza mara nyingine kinaniinua matako polepole mpaka nasimama wima, utadhani nimeitwa kuvishwa nishani. Kabati nalo linapanda darini. Simu nimeitia humo, maana kwa masikio yangu haya nayasikia maneno yako kama nzi ndani ya kopo. Wewe niandikie. Nimekuwa tarishi maisha yangu yote, nimepeleka barua za watu kwa miguu hii, sasa ni zamu yangu kupokea.

Mama wa usafi amekichungulia kutoka mlangoni. Anasema kinahema.

Nashukuru sana, mwanangu. Umetoka mbali tangu enzi za vigari vya mabua.

Baba yako


Jumamosi, 9 Machi

Shikamoo Baba,

Kikohozi kimeniacha, na hayo magoti yako kuanzia sasa yatapumzika. Mwambie mama wa usafi kinachohema ni mota tu, haiumi mtu.

Nimekichora kiti hicho nikikufikiria wewe. Nyumba zinazidi kuwa ndogo na wazee wanazidi kubaki peke yao. Tangu Mama aanguke bafuni akalala sakafuni kutwa nzima bila mtu kujua, mimi sina usingizi wa maana. Ndiyo sababu chini ya mto nimeweka kipimo. Ukikaa, mstari unapanda kwenye simu yangu. Ukiinuka, unashuka. Kazini nautazama mstari wako kuliko ninavyomtazama mke wangu, na yeye keshalalamika.

Juzi alfajiri uliinuka ukakawia sana kurudi. Ulikuwa wapi?

Mwanao


Alhamisi, 4 Aprili

Fundi,

Hujambo na nyumba yako? Mimi bado napumua.

Nilikuwa chooni. Kiandike hicho kwenye simu yako.

Rafiki yangu kinyozi alikuja tucheze drafti kama kawaida yetu. Akakosa pa kukaa. Akaegemea ukuta, ukuta ukafunguka ukatoa ubao wa kupigia pasi, nusura umng'oe meno. Akaishia sakafuni, tukacheza hivyo, mimi juu yeye chini, kama mfalme na mshitakiwa. Hajarudi tena, na simlaumu. Sasa mimi ndiye ninayemfuata dukani kwake.

Lakini kuna jambo. Juzi nilitaka kuondoka pale dukani, nikabaki nimekaa kwenye benchi. Nilikuwa nasubiri benchi liniinue, mwanangu. Miguu imenyamaza kabisa, haina habari. Wateja wakacheka, nami nikacheka nao. Njiani kurudi sikuwa nacheka.

Nitumie kigoda kimoja tu, cha miguu minne, kisichojua kitu.

Baba yako


Jumatatu, 20 Mei

Shikamoo Baba,

Pole sana. Mama wa usafi amenieleza yote, jinsi ulivyoanguka ukivuka barabara ya kwa kinyozi, na nyusi imeshonwa. Nilipopokea simu yake nilidhani ndiyo basi tena. Unisamehe kama maneno yangu yatakuwa makali, yanatoka kwenye hofu.

Umekatazwa kutembea peke yako, hukusikia. Sasa nimeamua. Vijana watakuja kesho wakihamishe kitufe, wakiweke nyuma ya kiti, juu, ambako aliyekaa hafikii. Mama wa usafi anashinda hapo tangu asubuhi mpaka jioni, yeye ndiye atakayekuinua na kukulaza. Likitokea lolote, naweza kukiinua mwenyewe kwa simu kutoka huku. Na kigoda sikitumi, utayumba juu yake uanguke tena.

Nimeshazika mzazi mmoja, Baba. Nivumilie.

Mwanao


Ijumaa, 14 Juni

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nyusi imepona.

Mimi niliyekufundisha kutembea, leo naomba ruhusa ya kwenda haja ndogo. Jana mama wa usafi alikwama sokoni. Yaliyonipata sitayaandika, ila nguo zimefuliwa na zimekauka. Alilia yeye kuliko mimi.

Kinyozi amehamishia duka stendi, huko siwezi kufika hata kwa kubebwa. Kwa hiyo nimebaki na kiti chako. Nikishikwa mikono nasimama kidogo, kisha magoti yanalegea. Yalikuwa yanauma zamani, sasa hayaumi, na hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Nikuambie wazi, mwanangu, nakiogopa. Jioni mama wa usafi akishanilaza na kufunga mlango, nabaki nikitazama dari, nakisikia kinavyohema chini yangu. Nirudishie kitufe changu. Sina ombi lingine, hicho tu.

Baba yako


Alhamisi, 27 Juni

Shikamoo Baba,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na moyo umeniuma. Lakini nivumilie kidogo. Katikati ya Julai kuna maonyesho makubwa ya samani, na kiti kama chako ndicho kinachopelekwa. Bosi anataka kuwaonyesha wanunuzi mstari wako, jinsi mzee anavyokaa salama miezi na miezi. Tukigusa kitufe sasa, mambo yote yatavurugika.

Yakishapita, nakuja mwenyewe na bisibisi yangu nikirudishe mbele. Nakuahidi.

Mwanao


Ijumaa, 12 Julai

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Naandika mbio, mama wa usafi yuko mlangoni na mfuko wake.

Amefiwa na mama yake, na basi la kwao linaondoka mchana huu. Hatarudi mpaka wiki ijayo. Alitaka abaki mpaka apatikane wa kumshikia zamu, nikamkatalia. Mtu hakosi maziko ya mama yake kwa ajili ya matako yangu. Nimemwambia, mwanangu anakiinua kiti kwa simu kutoka huko huko, wewe nenda.

Alitaka kukupigia, nikamkataza pia, nikijua mko kwenye maonyesho na wakubwa wako watakuangalia vibaya. Nikamwambia barua inatosha. Ataiacha mwenyewe kwenye ofisi ya mizigo ya basi, na kesho asubuhi unayo mkononi. Nilifanya kazi hiyo maisha yangu yote, naijua, barua hufika.

Nilitaka nisimame nimpe mkono wa pole kwa heshima, magoti yakagoma, kwa hiyo kanikalisha. Maji yapo mezani, mkate upo. Mlango anauvuta kwa nje. Simu yangu bado iko kwenye kabati huko juu, wala usijisumbue kupiga.

Ukishaisoma hii, niinue. Halafu nitafutie mtu wa kushinda hapa mpaka huyu mama arudi. Usiku wa leo nitaumaliza hivi hivi, hamna neno.

Baba yako


Jumatano, 17 Julai

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo, nina furaha mpaka naona aibu.

Nakuandikia kutoka hotelini. Maonyesho hayakufanyika mjini kwetu, tuko mji wa jirani tangu Alhamisi iliyopita, na mke wangu nimekuja naye. Kama umeniandikia, barua itakuwa inanisubiri ofisi ya basi, nitaichukua nikirudi. Najua utakuwa umenisema sana kuhusu kitufe, na una haki.

Nikusimulie. Jana bosi aliuweka mstari wako kwenye skrini kubwa, ukuta mzima. Sikufichi, kwa pilikapilika za maonyesho sikuwa nimeutazama vizuri tangu tufike, na nilipouona moyo ulinilipuka kidogo. Tangu Ijumaa mchana uko kitini, hujainuka hata mara moja. Nikampigia mama wa usafi kumuuliza, simu yake haipatikani. Nikataka kukiinua kiti kwa simu yangu, nijaribu tu, bosi akanishika mkono. Akasema usimwamshe mzee wa watu mbele ya wanunuzi.

Nikautazama vizuri, nikaona kipimo hakijaharibika, maana uzito wako upo palepale. Ijumaa na Jumamosi ulihangaika sana, unajisukuma mbele, unajigeuza huku na huku, mpaka kiti kikanitumia onyo, nami nikadhani ni ule ubishi wako. Jumapili mchana ukatulia. Tangu hapo mstari umenyooka, hauchezi kabisa. Nikajiambia, hatimaye mzee amekizoea.

Mnunuzi mmoja, mama wa makamo, akauliza huyu aliyekaa hapa ni nani. Nikasema ni baba yangu. Akauliza, anafanya nini muda wote huo? Nikasema amefanya kazi ya kutembea maisha yake yote, sasa anapumzika. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Wameagiza viti vingi kuliko karakana inavyoweza kuvitengeneza.

Jumamosi nakuja na bisibisi, kama nilivyoahidi. Nitachelewa kidogo kufika, kwa hiyo usihangaike kuja kunifungulia. Ufunguo ninao.

Mwanao