Karatasi Ambayo Shemeji Hakuitia Sahihi

Kampung Lubuk Petai,
Kuala Kangsar, Perak.
9 Oktoba 2022

Mpendwa mdogo wangu Hilmi,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na Suraya na kijana wenu Adli, na baridi ya Perth iwe imeanza kuwaachia. Kile kifua chako kinaendeleaje? Usiniambie "nzuri tu" kama unavyomwambia Mama. Niambie ukweli.

Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mama ametimiza miaka themanini na moja. Goti linamsumbua akipanda ngazi za nyumba, lakini ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Mvua zimeshika. Mshokishoki wa nyuma ya jiko ulizaa mwaka huu mpaka majirani wakaanza kufunga milango wakiniona na kapu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu kila mtu anasikiliza, na kwenye simu sisi sote ni waongo. "Dada Zainun hajambo?" "Hajambo." Hivyo ndivyo tulivyokujibu tangu Ramadhani. Hakuwa hajambo, Hilmi. Leo nakueleza yote, na mwisho nina ombi. Tafadhali usirukie kwenye ombi kabla ya kusoma habari.

Unajua shemeji Mustakim alifariki, akamwacha Dada mjane, siku ya kumi na tisa ya mfungo. Alikuwa anafagia majani chini ya midoriani yake, akaketi chini kama mtu anayepumzika, asinyanyuke tena. Binti yao Nurin ndiye aliyemkuta. Alikuwa amempelekea mkeka ili aswali alasiri.

Baada ya kisomo cha siku saba, mimi na Dada tukafungua kabati la marehemu kutafuta hati ya nyumba. Tuliikuta, na chini yake bahasha ya kahawia. Ndani kulikuwa na fomu ya hiba, ile ya kumpa mtu mali ungali hai. Aliijaza yote kwa ule mwandiko wake mzuri wa ualimu: nyumba, shamba la doriani, namba za viwanja, na jina la Nurin kama mpokeaji. Tarehe haikuwepo. Sahihi haikuwepo. Mashahidi hawakuwepo.

Dada aliishika karatasi ile muda mrefu. Kisha akasema, "Nilimwambia twende kabla ya mfungo. Akanijibu, 'Bi Zainun, ofisi haikimbii. Baada ya Idi.'" Akaikunja, akairudisha ndani ya bahasha. Hakulia. Afadhali angelia.

Wewe uliondoka Nurin akiwa bado anatambaa, labda hukuwahi kulifikiria hili. Kwetu sisi ni binti yao tu. Walimchukua akiwa na siku kumi, kitovu hakijadondoka. Lakini kwenye kitambulisho chake hajaandikwa binti Mustakim, na mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi. Mustakim hakuacha mtoto wa damu, wala wazazi wake hawapo. Kwa hiyo robo ni ya mjane, na robo tatu ni za ndugu zake wawili wa kiume. Nurin, aliyemwogesha alipougua kiharusi kidogo mwaka juzi, aliyekuwa akimkatia kucha, hana hata mlango wa chumba anacholala.

Bakhtiar, yule kaka mkubwa wa Ipoh, alikuja kabla ya arobaini. Simsingizii: alikuja na mchele na sukari, akamsomea nduguye Yasini. Lakini baada ya kahawa akatoa utepe wa kupimia mfukoni, akaanza kupima upana wa sebule.

Dada akamtazama mpaka alipofika dirishani. "Shemeji, unashona mapazia?"

"Ah, shemeji, nataka kujua tu. Tathmini itahitajika. Mimi sikufukuzi. Ila sheria ni ya Mungu, si yangu."

"Sheria ya Mungu siikatai," Dada akasema. "Ninachokikataa ni huo utepe, wakati kaburi la nduguyo halijaota hata nyasi."

Nurin alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Akaliweka chini taratibu, akasema, "Baba Mkubwa, upande huu ukuta umepinda. Marehemu baba alikuwa anapima kutoka huku." Akamshikia ncha ya utepe. Nakwambia, Bakhtiar aliukunja utepe ule akaurudisha mfukoni, na siku hiyo hakupima tena. Lakini hakubadili nia.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya kwenda na kurudi. Akaunti ya benki ilifungwa. Kwenye mfuko wa akiba, jina la mpokeaji aliloliandika shemeji wa watu ni la mama yake mzazi, aliyekufa miaka kumi na moja iliyopita, hakukumbuka kulibadili. Mtu mwangalifu kama yule, aliyekuwa akipanga misumari kwa urefu! Nilijifunza kwamba mtu anaweza kuwa mpangaji wa kila kitu isipokuwa kuondoka kwake.

Mwezi wa nane tukaitwa ofisi ya ardhi kugawa mirathi. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Kabla ya kugusa mafungu alimwuliza Dada swali ambalo hakuna aliyetuambia kwamba lingeulizwa: mali hii mliichuma pamoja? Kumbe kilichochumwa na mume na mke kwa pamoja, mke ana haki ya kudai sehemu yake kwanza, ndipo kilichobaki kigawanywe. Iweke akilini hiyo, na umweleze Suraya.

Bakhtiar akasema nduguye alikuwa na mshahara wa serikali, na shemeji alikuwa mama wa nyumbani tu.

Hapo yule mdogo, Rashdan, ambaye muda wote alikuwa anatazama viatu vyake, akasimama. "Kaka, usiseme hivyo. Mimi niliishi nao miaka mitatu nikisoma. Shemeji alikuwa anagema mpira tangu alfajiri, akirudi anakaanga ndizi za kuuza. Matofali ya nyumba ile mimi nimeyabeba. Najua yalilipiwa na nani."

"Wewe una watoto wanne," Bakhtiar akamwambia kwa sauti ya chini. "Utawalisha huruma?"

"Nitawalisha ninachowalisha sasa." Kisha akamgeukia ofisa. "Mama, fungu langu ni haki yangu, siyo?"

"Ni haki yako."

"Basi kwenye nyumba siitaki. Na kwenye shamba siitaki. Iandike kwa shemeji."

Akaketi. Yeye ni fundi wa pikipiki, Hilmi, anaishi nyumba ya kupanga kule Taiping. Sijui usiku ule alimwelezaje mkewe.

Bakhtiar hakusamehe lake, na hatuna haki ya kumlaumu, ni lake. Wakakubaliana achukue shamba la doriani lote, na nyumba ibaki kwa Dada. Bakhtiar amekwisha kulizungushia waya. Nurin hapiti tena njia ile. Akienda dukani anazunguka kwa msikitini.

Ndivyo ilivyokwisha, na watu wanasema Dada amepata bahati. Nadhani ni kweli. Lakini bahati yenyewe ilikuwa ni moyo wa Rashdan, na angeamka vibaya asubuhi ile, leo ningekuwa nakuandikia habari nyingine.

Sasa ombi langu. Nimeliandika mara tatu na kulichana.

Nyumba sasa ni ya Dada Zainun. Dada ana sukari, mguu wake wa kushoto hauponi vizuri. Akifa, umewahi kufikiria warithi wake ni nani? Ni Mama. Ni mimi. Na ni wewe, mdogo wangu, ambaye kwa kuwa ni mwanamume fungu lako litakuwa mara mbili ya langu. Sisi ndio tutakaokuja na mchele na sukari. Nilipolitambua jambo hilo nilikuwa naosha vyombo, nikashindwa kuendelea. Miezi mitano nilimnung'unikia Bakhtiar moyoni, kumbe nimesimama nyuma yake kwenye foleni ileile.

Dada ameamua kumpa Nurin nyumba kwa hiba, yeye akibaki kuishi humo mpaka siku yake. Anaweza kufanya hivyo bila idhini yetu. Lakini wakili amemshauri, na yeye mwenyewe anataka, kila ndugu aandike kwamba amejua na ameridhia, ili asije mtu kesho akamburuta binti mahakamani. Nimeambatanisha karatasi. Isome polepole. Kama moyo wako unakataa, niandikie hivyo wazi. Sitakuchukia, na Dada hatajua kutoka kwangu. Ila usiniambie "baada ya Idi".

Na ukiwa umeshika kalamu, mfikirie Adli. Anakuita Baba tangu ana miaka miwili, lakini si wa damu yako, na karatasi za huko na za huku haziujui wito huo. Kwa wasia unaweza kumwachia mpaka theluthi. Kwa hiba, ukiwa hai na akili zako, zaidi. Angalia pia jina uliloliandika kwenye akiba yako, usije ukawa umemwandika marehemu Baba. Na mwambie Suraya hati zako ziko wapi. Usimwonyeshe kabati tu. Mwonyeshe na bahasha.

Mimi nimeshatia sahihi yangu. Niliogopa kukuandikia, nikidhani utaona tunakutabiria kifo. Mama akaniambia, "Mwandikie. Akikasirika leo atapoa. Mwenye kufa hapoi wala hakasiriki, anawaachia wengine kazi hiyo."

Anakusalimu sana, na anauliza kama Adli anakula. Dada Zainun anakusalimu, na Nurin, ambaye hajui kwamba nakuandikia. Mpe Suraya salamu zangu, na umbusu kijana. Mungu akupe umri mrefu wenye faida, akukinge na baridi ya ugenini, na atukutanishe katika nyumba ambayo hakuna anayeogopa kubisha hodi.

Jumanne tulimpeleka Mama kwa wakili kuweka dole gumba lake. Alivaa nguo yake ya Idi na kujipaka hina kidogo. Yule wakili kijana, kwa sababu ndiyo kanuni, akamwuliza: "Bibi, kuna mtu yeyote aliyekulazimisha kuja hapa?"

Mama akamtazama. "Mauti, mwanangu," akasema. "Ila hajanilazimisha. Amenikumbusha tu."

Dada yako, anayekuombea kila swala,
Sabariah