Mkono wa Baba Mkwe

Alhamisi, Kitengela

Na bado nauhisi ule mkono juu ya kichwa changu, ule ambao haukunigusa.

Kosa si langu. Baba mkwe mwenyewe ndiye mwenyekiti wa klabu yetu ya briji. Wiki jana alitusomea sheria mpya: karata zikishagawanywa, hakuna neno wala salamu, maana hata kikohozi kinaweza kumwambia mwenzako uko na karata gani. Akagonga meza. "Hata nikiingia mimi!"

Leo alichelewa kutoka Magadi, akatupata tumeshaanza. Wengine wote waliweka karata chini wakainama awaguse kichwa, vile mzee wa Kimaasai husalimiwa. Mimi nikakaza macho kwa karata zangu. Akasimama kando yangu, mkono ameunyoosha. Shingo iliniuma kwa kukataa kuinama. Mwishowe mkono ukarudi, polepole.

Tulipomaliza akasema mbele ya watu, "Nyinyi wote mmevunja sheria. Ni huyu tu, bibi ya kijana wangu, ameifuata." Wakanipigia makofi. Nikapumua.

Halafu pale mlangoni nikamwinamia. Nikangoja aniguse, anisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya", nimjibu "Iko", kama siku zote. Niliona viatu vyake vikinipita. Nikasikia mlango wa gari ukifungwa, na mimi bado nimeinama.

Sasa Lemayian anauliza mbona sili, kuna nini. Nimwambie nini mume wangu? Kwamba leo babake amenisifu?