Ukurasa wa Kumi na Moja, Mwenyewe Ziada

Mwalimu Awadhi Chilumba
Chiungutwa, Masasi
Alifariki 5 Novemba 1996

Mwaka mzima umekatika, Baba, tangu Jumanne ile ulipotutoka njiani, umekaa juu ya keria ya baiskeli ya mwanao Safari. Mikorosho imezaa tena. Mabibo yananuka hadi uani. Tumeokota bila wewe, na safari hii kila mtu kashika kijiti, anapekua majani kwanza ndipo anainama. Wewe hukuwa na habari na vijiti. Ulikuwa unainama tu, huku unaimba.

Wengi hapa wanakujua kwa ngumbaro. Miaka kumi na saba uliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na chaki zilipoacha kuja ukaendelea na vipande vya muhogo mkavu. Mama yetu Kibibi alikuwa mwanafunzi wako. Mpaka leo anasema kwamba ulipomsahihishia jina lake ubaoni ulichukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika, wanawake wenzake wakaanza kukohoa. Miwani yako uliifunga kwa uzi wa gunia. Kalamu ilikaa nyuma ya sikio hata msikitini. Mtoto akikuamkia, ulimwitikia marahaba, kisha ukamuuliza, "Umeona nini leo?" Akianza kukusimulia aliyoyasikia, ulimrudisha akaone.

Ikaja ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Chama cha msingi kikafunga ghala, bwana shamba akapunguzwa kazi, malori ya wanunuzi yakaanza kuingia kila siku, kila lori na maneno yake. Zamani taarifa ilishuka kwa mjumbe, mbaya au nzuri, lakini ilikuwa moja. Sasa tukawa tunaishi kwa fununu. Mtu anatembea hadi Newala siku ya kliniki, anakuta kliniki imehamishiwa Alhamisi. Mtu anakwenda kuazima pampu ya kupulizia mikorosho salfa kwa fulani, fulani kashaiuza zamani. Ukanunua kaunta buku ya kwaya nne, ukaitoboa, ukaining'iniza kwa kamba pale kwenye mashine ya kusaga, ambapo kila nyumba lazima ipange foleni. Ukasema anayejua jambo aandike.

Mwaka wa kwanza daftari hilo lilikuwa vurugu tupu, Baba, tuseme kweli. Kila mtu aliandika na hakuna aliyerudi kusahihisha. Fundi redio aliyehamia Mtwara aliendelea kuishi mle daftarini miezi minane. Watu wakaanza kuchana karatasi za kusokotea tumbaku.

Ukalichukua nyumbani juma zima. Liliporudi, kila ukurasa ulikuwa na jina juu, limepigiwa mstari kwa rula: Mwenyewe, fulani. Kurasa ishirini na sita, watu ishirini na sita. Ukurasa wa maji ya bomba na siku yanapofunguliwa ukampa mjane anayechota mbali kuliko wote. Wa mizani za malori ukampa mzee aliyewahi kupunjwa gunia zima. Hukutafuta wasomi. Sheria zako tulizikariri kama watoto wa chuoni. Nenda ukaone kwa macho yako. Andika ulichokiona, utie tarehe na jina. Ukikosea usifute, piga mstari mmoja ili cha zamani kisomeke. Na kama hukwenda, acha tarehe ya zamani ibaki vilevile. Hii ya mwisho uliirudia mpaka tukachoka.

"Tarehe ya zamani inamwonya mtu," ulisema. "Atajihadhari. Tarehe mpya anaiamini."

Na kwa kuwa uliwajua watu wa kwenu, kila mwenye ukurasa ukamwekea mtani. Huku kwetu Mmakua, Myao na Mmakonde wanataniana tangu enzi za mababu, hata msibani, na mtani hakasirikiwi. Kazi yake ilikuwa kumwaibisha mwenzake mbele ya foleni ukurasa wake ukilala. Watu walicheka, na daftari likawa hai. Walikuja hata kutoka Lupaso kunakili.

Ukurasa wa kumi na moja uliuandika Sindano ya Nyoka, iko wapi. Ukampa binti yako Ziada, ambaye wakati ule alikuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Ziada akakataa. Alikuwa anaogopa nyoka kiasi cha kuruka kamba ya mbuzi.

"Ndiyo maana," ulimwambia. "Wewe utakwenda kuangalia."

Miaka mitatu alikwenda. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alipanda mlima kuelekea Newala, mwendo wa saa nne kwa baiskeli, hadi kwenye zahanati yenye friji la mafuta ya taa, maana dawa ile haikai bila baridi. Muuguzi anafungua friji, Ziada anaziona chupa, anarudi kuandika: Ipo, tarehe, jina. Ulipita jioni kuusoma ukurasa wake na hukusema neno. Kwako kutosema neno ilikuwa sifa, na Ziada alilijua hilo.

Oktoba ya mwaka jana hakwenda. Korosho zilikuwa zinaanguka na mikono ilikuwa haitoshi. Akafuata sheria, akaacha tarehe ya Septemba. Ndipo mtani wake Stefano, fundi baiskeli, Mmakua mwenye mdomo, akalifungua daftari mbele ya foleni nzima.

"Mtani, tarehe yako imeota ndevu," alisema. "Au nyoka nao wanakusubiri umalize korosho?"

Foleni ikacheka. Ziada akacheka pia, lakini alirudi nyumbani uso umemwaka. Ilikuwa ni kazi ya Stefano, hakumkosea kitu. Ilipofika Jumamosi ya tarehe mbili Novemba, korosho bado zilikuwa chini na Ziada hakuwa na nguvu za kupanda mlima wala za kuchekwa. Akajiambia kwamba dawa imekaa pale miaka mitatu, haiwezi kuondoka mwezi huu. Akaenda mashineni mchana, kweupe, akaandika: Ipo. 2/11/96. Ziada. Akaenda zake shambani.

Jumatatu saa nne asubuhi uliinama chini ya mkorosho wa tatu kutoka njiani, kifutu akakuuma mkono wa kulia. Ni nyoka mnene, mvivu, wala hakukimbia. Ulikuja nyumbani kwa miguu yako na kumwambia Mama akuvue saa, maana mkono unaanza kujaa. Safari akakimbilia mashineni kusoma ukurasa. Njia ni mbili tu, juu kwa Newala au chini kwa Masasi, na zote ni mbali. Ziada alikuwa amekaa chini, amekushika mkono, Safari aliporudi anahema.

"Ipo juu," alisema. "Ya juzi hii, tarehe mbili."

Hapo ndipo tunapomlaumu Ziada, Baba. Kuandika uongo ni kosa, lakini kosa lile bado lilikuwa linasahihishika pale pale sebuleni, kwa neno moja. Alikuwa na kinywa. Mama alikuwepo, Safari alikuwepo, wewe ulikuwa unamtazama. Akafikiri, labda ipo. Akafikiri, haiwezekani isiwepo. Akanyamaza, nawe ukasema, "Basi twende juu. Safari, beba na daftari."

Hatukuelewa daftari la nini. Safari alipitia mashineni, akakata kamba, akalitia kwenye mfuko wa gunia.

Mlifika saa tisa. Sindano haikuwepo. Safari alibaki barabarani kutafuta gari la kukupeleka Masasi, na gari halikupatikana siku ile. Ndani ulikuwa wewe na muuguzi peke yenu. Alfajiri ya Jumanne Safari akakufunga kwa kanga kwenye keria, mkashuka mlima, na njia ya Masasi inapita hapa hapa mlangoni kwetu. Ilikuwa saa tatu. Mkono ulikuwa umejaa hadi begani na ngozi imekuwa nyeusi. Mama alikunywesha maji kwa kata. Ulimtafuta Ziada kwa macho ukamwona amesimama nyuma ya mlango.

"Ziada, umekula?" ulimuuliza.

Akasema amekula. Hakuwa amekula. Mkaondoka, na kabla ya saa sita Safari akageuza baiskeli.

Siku ya tatu ya matanga watani walicheza kama inavyotakiwa. Stefano alivaa miwani yako ya uzi wa gunia, akaweka kalamu nyuma ya sikio, daftari kwapani, akatembea vile unavyotembea, kichwa mbele miguu nyuma. Alimwendea kila mwenye ukurasa aliyekaa mkekani. "Umeona, au umesikia?" Alikupatia hasa. Mama alicheka mpaka akajifunika upande wa kanga. Hakuna aliyejua lolote. Kijiji kizima kiliamini dawa iliondolewa Jumapili, baada ya Ziada kuiona, ikawa bahati mbaya.

Stefano akafika kwa Ziada. Akafungua. "Ukurasa wa kumi na moja, mwenyewe Ziada. Umeona, au umesikia?"

"Sikwenda," alisema Ziada.

Watu wakacheka, wakidhani naye anacheza.

"Sikwenda, mtani. Ile tarehe niliiandika bila kwenda kokote."

 Macho ya Stefano yalikuwa yameshuka mwisho wa ukurasa, akavua miwani na kumpa Ziada daftari asome mwenyewe. Chini ya uongo wake kulikuwa na mstari mpya, mwandiko wa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazopishana kama za mwanafunzi wa ngumbaro wiki ya kwanza. Ulikuwa umeandika hivi:

Haipo. Friji limezimika tangu katikati ya Septemba, mafuta ya taa hayaletwi. Hilo nimeona. Muuguzi anasema dawa imepelekwa Masasi. Hilo sijaona. 4/11/96. Awadhi, kny. Ziada.

Kny., Baba. Kwa niaba ya. Kama karani anavyomsainia mkubwa wake aliyetoka kidogo. Tangu Septemba, na yeye kaandika Novemba. Ulijua pale pale kwamba binti yako hakwenda. Ulikuwa na sumu mwilini na mkono mmoja, ukautumia kuusahihisha ukurasa asije mwingine akapanda mlima bure, kisha ukatia na jina lake ili ukurasa ubaki wake. Halafu ukashuka ukamuuliza kama amekula.

Baada ya arobaini wazee walitaka jina la Ziada lifutwe. Mama, ambaye miezi ile alikuwa hata hamtazami, ndiye aliyesimama. "Baba Safari alisema hakuna kufuta," alisema. "Lisomeke." Akakaa. Na limebaki linasomeka, na uongo wenyewe unasomeka, umepigwa mstari mmoja.

Tukueleze na hali ilivyo, maana hukupenda kufichwa. Kati ya kurasa ishirini na sita, zinazopumua ni tisa. Ziada anakwenda. Jumamosi ya kwanza Masasi, ya pili juu, mvua na jua, na mwezi Machi jirani yetu Basil alipoumwa na nyoka tarehe ilikuwa sahihi na dawa ilikuwepo. Lakini watu wa nyumbani kwake walipoona jina la Ziada, walimtuma kwanza mtu akahakikishe. Basil amepona, vidole viwili amevipoteza. Saa zile zilizopotea ni za Ziada pia, na hakuna anayemwambia vingine.

Stefano hamtanii tena. Anamwambia "Habari za asubuhi, Ziada," kwa upole, kama mtu anayesalimiana na ofisa mgeni. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Wapo wanaosema tumsamehe Ziada, na wapo wasiosema kitu. Mama ameanza tena kumpakulia chakula mwaka huu, mwezi wa Ramadhani, bila maneno. Sahani iliwekwa tu, na Ziada akala.

Unakumbukwa na mkeo Kibibi, mwanao Safari, binti yako Ziada, dada yako Pili wa Newala, wajukuu, watani wako wote, na wanafunzi wako waliopata kusoma tangazo hili kwa sababu yako. Kisomo cha hitima ni leo Jumatano tarehe tano, nyumbani, baada ya adhuhuri. Stefano naye aje. Aje na mdomo wake. Mungu akulaze pema, Baba. Tutakutaja maadamu tuna midomo ya kutajia.

Matangazo ya namna hii husainiwa kny. familia. Aliyeandika hili ameomba isiwe hivyo safari hii, na Mama ameitikia.

5/11/97. Sikwenda, na nilinyamaza. Ziada, mwenyewe.