Kinywaji cha Dereva

Omera Owino, ndugu yangu,

Leseni yangu imerudi. Niliichukua Jumatatu pale mahakamani Migori. Karani alitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, umenenepa." Mwaka mzima nimebeba magunia ya mahindi, na bado nimenenepa! Nimeona nikuandikie wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye uliyeniambia mwaka utaisha, nami nikakuambia unyamaze.

Unakumbuka yalivyoanza. Tulikodiwa kumpeleka marehemu mama mmoja kwao Masara kwa pikapu yangu, na tulipoteremsha jeneza wazee wakaniletea kinywaji cha dereva, kama ilivyo desturi. Wewe, Msabato, uliletewa chai. Mimi niliiheshimu desturi. Nikaiheshimu mara ya pili, na ya tatu. Jua lilikuwa bado juu uliponyoosha mkono ukasema, "Nipe funguo, tulale hapa." Nikakujibu kwamba gari linajua njia. Kweli lilijua, maana lilitupeleka moja kwa moja hadi kwenye kizuizi cha polisi. Afisa akaniambia nitembee juu ya mstari. Hadi leo nashikilia kwamba mimi nilitembea vizuri, mstari ndio uliokuwa unasonga. Daktari aliyenipima hakukubaliana nami.

Kabla ya kesi nilikuomba jambo ambalo bado linanitia aibu: useme mbele ya hakimu kwamba nilikuwa nimekunywa dawa ya kikohozi. "Dawa ya kikohozi? Wewe hata kukohoa hujui!" Ukakataa katakata. Basi nikakubali kosa. Hakimu alinieleza polepole, kama anayefundisha darasa la kwanza: ulevi kwenye usukani ni faini au jela, na leseni inaondoka mwaka mzima; nikithubutu kuendesha kabla mwaka haujaisha, hapo hatutazungumza tena habari ya faini. Nililipa, nikatoka, na wiki mbili sikukusalimia. Ukaja mwenyewe mlangoni. "Kama huwezi kuendesha, mgongo si unao?" Hivyo ndivyo mwenye pikapu alivyogeuka utingo wa pikapu yake. Tulimwajiri Marwa, yule Mkuria tuliyekuwa tukinunua mahindi kwao Ntimaru, akashika usukani, wewe ukakaa mbele kama waziri, mimi nikakaa juu ya magunia nikila vumbi.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Tulikuwa tumeahidiana kwamba atakayetangulia, mwenzake atampeleka nyumbani. Wewe hukujua kuendesha hata baiskeli vizuri, ukasema mimi utanipeleka kwa mkokoteni. Nilicheka sana siku hiyo. Halafu presha ikakuchukua, na mwaka wangu umebakiza miezi miwili. Miezi miwili tu, Owino. Wewe na haraka zako.

Mkeo aliniambia, "Shemeji, si wewe utampeleka? Alisema ni wewe." Funguo zilikuwa mkononi mwangu. Nilijua kabisa kwamba gari lenye jeneza halisimamishwi na mtu. Nilijua pia ungesema nini, kwa sauti ile ile ya dawa ya kikohozi. Nikampa Marwa funguo. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Huyu ndiye rafiki?" Sikugeuka. Nilipanda nyuma, nikaweka mkono juu ya jeneza, na kutoka Migori hadi kwenu Rangwe nilikuwa nikikuambia mashimo yalipo, moja baada ya jingine, usije ukadhani Marwa ndiye mbaya. Hiyo ndiyo ahadi niliyoweza kuitimiza.

Tulipokushusha, wazee wa kwenu wakamletea Marwa kinywaji cha dereva. Akaninong'oneza, "Mzee, nikikataa si itakuwa matusi?" Nikamwambia anywe, ila kwanza... Hata sikumaliza. Nilijikuta nimenyoosha mkono. "Nipe funguo, tulale hapa." Maneno yako, Owino, yalitoka yenyewe. Marwa akanipa, hakubishana hata kidogo. Nikakumbuka mimi nilivyobisha, nikaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka macho yakakauka. Asubuhi mkeo alitukuta wote wawili tukikoroma kwenye majani.

Jana niliendesha mwenyewe hadi Rangwe, kumpelekea mkeo mahindi. Wazee wakaleta kile kinywaji. Nikasema leo mimi ni mtu wa chai. Mmoja akauliza kama nimekuwa Msabato. Nikamjibu bado, ninajaribu chai kwanza. Mkeo akanitilia vijiko vinne vya sukari, kwa mazoea ya kikombe chako. Omera, ulikuwa ukinywaje kitu kile? Nilikimaliza chote.

Lala vizuri. Nakuahidi, siku nitakayogusa kinywaji, funguo zitakuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Na siku yangu ikifika, nimeshamwambia Marwa: atakayenipeleka apewe kinywaji chake, halafu atandikiwe mkeka.

Ni mimi, utingo wako.