Njue Alipoomba Maombi Darasani

Lorna, wacha kila kitu usome hii. Njue amefundisha darasa lake la kwanza leo. Amefundisha ama ameombewa, hata sijui!

Si unajua watu wa masters lazima wapimwe kwanza ndio wapewe darasa? Basi Dkt. Deka, yule anayewafunza kufundisha, amekaa nyuma na kalamu yake. Njue kuona ile kalamu, maneno yote yakamtoka kichwani. Darasa zima linamwangalia.

Ati akasema, "Tuanze na neno la maombi." Maombi, Lorna! Kwa somo la takwimu!

Akasimama mama mmoja kutoka Gachoka, mwanafunzi mtu mzima, mzee wa kanisa. Unajua hao hawaombi kidogo.

"Baba, mwangalie huyu kijana, somo lote limemtoka. Projekta nayo imemkataa. Na huyo mama wa kalamu, Baba, mlainishe moyo ampitishe!"

AMPITISHE! Njue alitamani ardhi immeze.

Darasa likaitikia, "Amina!" Lakini sauti iliyoshinda zote ilitoka nyuma. Dkt. Deka mwenyewe, kalamu chini, viganja wazi: "Amiin!"

Sasa niambie, atamwangusha vipi?