Meno ya Nini kwa Mtu wa Umri Ule

Mama yangu,

Nakuandikia mbele ya watu makusudi. Waisome. Wenyewe watajijua.

Nina hasira, mama. Ukiwa hai ulinikanya, "Acha, hao ni ndugu zako," nikafunga mdomo. Sasa hupo wa kunikanya.

Nakumbuka ulivyokuwa ukiitwa huku na kule msimu wa mavuno hapa kijijini kwetu Ulaya, Ulaya ya jina tu. Hakuna aliyefunga gunia la mahindi kabla hujang'ata punje zake. Ulikuwa unatupia moja mdomoni, inalia ka, unatema, unasema, "Funga." Au unatafuna taratibu, unakunja uso: "Bado mabichi haya. Ukiyaweka ndani utakula ukungu." Mtu anatandika turubai na kuanika upya, habishi. Walikupa kisado cha mahindi kwa kazi hiyo, na visado hivyo ndivyo vilivyotulea.

Kisha jino likaanza. Ukaweka karafuu, ukasukutua kwa maji ya chumvi, ukajifunga kanga shavuni ukaendelea kulima. Nilipokupeleka hospitali, daktari wa meno alikuwa muungwana. "Mama, haya yanazibika," alikwambia. "Ila hapa vifaa vya kuziba hatuna. Mpaka Morogoro." Kwa nauli ipi? Na huko kuziba ni kwa kulipia. Kung'oa, kwa kuwa wewe ni mzee usiye na uwezo, ilikuwa bure. Basi ukang'olewa. Kila likiuma tunarudi, unang'olewa. Ukutani walibandika tangazo kwamba mzee apishwe, ahudumiwe kwanza. Na kweli walikupisha. Ulikuwa wa kwanza kung'olewa.

Nani alikaa akapanga kwamba maskini akizeeka, huduma yake ni koleo? Mwenye nazo jino lake linaokolewa, lako linatupwa kwenye ndoo. Mimi hilo silizoei, na anayeniambia nizoee aniondokee.

Mavuno yaliyofuata wakaja na punje zao, hawana habari. Ulijaribu kwa fizi, ukashindwa. Ukanipa mimi. "Ng'ata wewe, uniambie." Nikang'ata, nikasema imelia. "Imelia vipi?" Sikujua kueleza. Ulicheka, ukaziba mdomo kwa pindo la kanga, kama ulivyofanya kila ulipocheka tangu ya mbele yalipoondoka. Mwaka mwingine hawakuja tena, na visado vikakoma.

Ndipo tukaenda Mikumi, kwenye ile kliniki ya barabarani. Wakakupima fizi, wakasema meno ya bandia yanawezekana, wakataja bei. Tukapanda gari, tukashuka huku nyumbani. "Nikiyapata nitaanza na muhogo wa kuchoma," ulisema. Jioni ile nikaandika kwenye grupu la familia, nikaomba kila mtu achangie alichonacho. Walisoma wote. Wakajikausha. Mwisho kaka yako, Mjomba Salehe, akatuma sauti: "Meno ya nini kwa mtu wa umri ule? Mpikieni uji." Wengine wakaweka vicheko. Ulikuwa umekaa pembeni yangu, ukasikia kila neno. "Uji nao chakula," ukaniambia. Ukanywa uji mpaka homa ilipokuchukua.

Ulipokufa, grupu lile lile lilijaa michango kabla hata hatujakuzika. Siku ya arobaini walichinja ng'ombe. Mjomba Salehe alikaa jamvini na sinia lake, anang'ofoa mnofu kwenye mfupa, akaniita mbele za watu. "Tumemheshimu dada, au siyo?" Nikamjibu, "Mjomba, kwa bei ya ng'ombe huyu mama angepata meno, na chenji ingebaki." Jamvi zima likanigeukia. Kisha wakaanza: sina adabu, nimeharibu shughuli ya mama yangu mwenyewe.

Shangazi Mwajuma, wifi yako, akanifuata jikoni na sahani yake mkononi ili anikaripie. Alinisema sana, kwamba wakubwa hawajibiwi vile. Mimi nikawa naangalia ile sahani. Wali alikuwa amekula, mchuzi amekunywa, nyama yote ameisukuma pembeni.

"Shangazi, mbona nyama umeiacha?"

Akatazama chini. "Wape watoto," akasema. "Mimi huku mbele yamebaki mawili, na yenyewe yanacheza."

Mama, nililia pale pale, si kwa huzuni. Hata yeye aliyesimama kuwatetea wanampeleka njia uliyopitia wewe, na yeye anaona ndiyo uzee ulivyo. Nimemwambia hang'olewi hata moja kabla sijampeleka Morogoro wakamtazame. Pesa sina.

Jana nimeandika tena kwenye grupu, kwa wajomba na baba wakubwa wote, kwamba safari hii ni Shangazi Mwajuma na watoe sasa akiwa hai. Sikumwamkia hata mmoja.

Lala salama, mama. Nisamehe kwa kelele, lakini sinyamazi.

Bintiyo, kitinda mimba wako